MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME
Mvinyo mwema kwa mfuko wa askari

Msimu wa sherehe haumwulizi askari iwapo mshahara wake umefika. Sikukuu za mwisho wa mwaka zikiisha, Tarehe Sita ya mwezi wa Februari hubisha hodi, na katikati yake huingia ndoa, ubatizo, kuwaaga wastaafu na kuvishwa vyeo. Zamani meza ya wageni ilitimia kwa bia, soda na, pale ilipofaa, tonto au malwa. Siku hizi karamu ya heshima hutazamiwa kuwa na chupa ya mvinyo, kinywaji ambacho wazee huita divai na vijana wetu huita waini. Sisi tulio katika kazi ya uhusiano wa jeshi na umma huketi katika karamu nyingi, na tumeona mengi ya kufurahisha na machache ya kusikitisha.

Mojawapo ya hayo ya kusikitisha lilimpata luteni mmoja tunayemfahamu vyema. Siku alipovishwa nyota yake ya pili, aliazimia kuwakirimu wakubwa zake na wakwe zake kwa namna ambayo haitasahaulika. Alikwenda katika duka moja la fahari mjini Kampala, akachukua kwa mkopo chupa sita za mvinyo mwekundu, kila moja kwa shilingi 130,000. Jumla ilikuwa shilingi 780,000. Wageni walikuja, wakaonja, wakakunja nyuso kwa ule ukali, kisha wakaanza kuutia soda ndani ya bilauri. Baba mkwe aliomba chai. Jioni chupa mbili zilibaki nusu, zimesahauliwa juani kando ya hema. Wiki ya kwanza ya muhula uliofuata, binti wa luteni huyo alirudishwa nyumbani kutoka lango la shule kwa kukosa salio la karo.

Hatumcheki ndugu yetu, wala jina lake hatulitaji, kwa maana wengi wetu tumekwisha kupita njia hiyo hiyo kwa gari jingine. Lakini alipotusimulia mkasa huo alituuliza swali ambalo halijatutoka kichwani: "Afande, hivi heshima huuzwa shilingi ngapi?" Makala hii ni jitihada yetu ya kumjibu, yeye na kila askari wa jeshi na polisi ambaye atasimama mbele ya rafu ya vinywaji akiwa na fedha kidogo na wageni wengi.

MVINYO WA ASKARI TANGU KALE

Kwanza yatupasa kuondoa aibu. Kununua mvinyo wa bei nafuu si jambo la kumvunjia askari hadhi. Historia yenyewe yashuhudia kwamba mvinyo wa askari daima umekuwa mvinyo wa bei nafuu. Majeshi ya Rumi ya kale, yaliyotawala nchi kutoka Uingereza hadi Misri, hayakuandamana na mapipa ya fahari. Askari wa kawaida alikunywa posca, yaani mvinyo uliokwisha kuchachuka au siki iliyochanganywa na maji. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Ufaransa waliokaa mahandakini walipewa posho ya mvinyo mwekundu wa kawaida walioubatiza jina la pinard. Mwaka 1914 posho hiyo ilikuwa robo lita kwa siku, na mwaka 1916 ikapandishwa hadi nusu lita. Hakuna aliyeuliza umetoka kasri gani. Uliochukuliwa kwa matangi ya gari moshi ulitosha.

Basi anayedhani kwamba mvinyo ni kinywaji cha matajiri peke yao amepotoka. Katika nchi unakotengenezwa kwa wingi, mvinyo ni kinywaji cha mkulima, fundi na kuli, nao huuzwa katika maduka ya vyakula kando ya mkate na sabuni.

SIRI YA BEI NAFUU

Mwaka 1946, katika mji wa Essen nchini Ujerumani, ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, walirejea kutoka vitani wakalichukua duka dogo la vyakula la mama yao. Nchi ilikuwa magofu na wateja walikuwa maskini. Ndugu hao wakafuata kanuni ambayo kila ofisa wa ugavi ataielewa mara moja: bidhaa za aina chache, zinunuliwe kwa wingi, zibaki ndani ya maboksi yake, wahudumu wawe wachache, wala pasiwe na mapambo. Kutokana na duka hilo likazaliwa jina la Aldi, ambalo leo hujulikana pande nyingi za dunia. Mvinyo nao ukaingia katika kanuni hiyo. Badala ya kuweka chupa za majina mia tano, duka la namna hii huweka chache, hununua shehena kubwa moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji, na aghalabu huubandika lebo yake lenyewe.

Mwaka 1979 Theo Albrecht alinunua maduka ya Trader Joe's huko California, Marekani. Mwaka 2002 maduka hayo yalianza kuuza mvinyo ulioitwa Charles Shaw kwa dola 1 na senti 99 chupa nzima. Wakati huo mashamba ya California yalikuwa yamezaa zabibu kupita mahitaji, na kampuni ya Bronco iliyoutengeneza ilikuwa na mashamba makubwa yake yenyewe. Wajuzi waliudhihaki. Lakini mwaka 2007, katika mashindano ya maonyesho ya jimbo hilo, ambako waamuzi huonja bila kuona chupa, mvinyo mweupe wa Charles Shaw ulitangazwa kuwa bora katika kundi la Chardonnay zote za California zilizoshindanishwa. Chupa ya dola mbili ikawapita wenye majina.

Funzo tunalolipata hapa ni kwamba bei ya mvinyo hukusanya mambo mengi ambayo hayamo katika ladha. Hapa kwetu Uganda, ambako zabibu si zao la kawaida, chupa iliyotoka Afrika Kusini au Ulaya huvuka bahari, hushushwa Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Juu ya safari hiyo huongezwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Chupa ya kawaida, kabla haijatiwa kitu, huwa na uzito wa karibu nusu kilo, na zile nene zenye kishimo kirefu kitakoni hukaribia kilo moja. Mnunuzi anayevutiwa na uzito wa chupa analipia nauli ya kioo. Kisha ongeza kodi ya pango la duka la fahari, taa zake na vioo vyake. Yote hayo umeyalipa, wala hakuna hata moja utakaloliona ndani ya bilauri.

BEI NA ULIMI

Huenda msomaji akasema: "Lakini mimi nimeonja mvinyo wa bei kubwa, na kweli ulikuwa mtamu zaidi." Hatumkatalii. Twamwomba tu atafakari jaribio moja lililotangazwa mwaka 2008 na wataalamu wa California. Waliwaweka watu 20 ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakawaonjesha mvinyo huku wakiwatajia bei. Mvinyo mmoja uliouzwa dola 90 ulipewa watu hao mara mbili, mara ya kwanza ukitajwa kwa bei yake na mara nyingine ukitajwa kuwa wa dola 10. Mvinyo mwingine wa dola 5 ulitajwa pia kuwa wa dola 45. Waonjaji walisifu zaidi kila walipotajiwa bei kubwa, na picha zikaonyesha kwamba hata sehemu ya ubongo inayohusika na starehe iliamka zaidi. Kumbe bei yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa kiungo.

Je, nishani na tuzo zinazobandikwa kwenye chupa zitatuokoa? Hapo nako tuwe waangalifu. Robert Hodgson, mtengeneza mvinyo na profesa mstaafu, aliwapima waamuzi wa mashindano yale yale ya California. Aliwaletea mvinyo uleule kutoka chupa moja mara tatu bila wao kujua. Katika taarifa yake ya mwaka 2008 alionyesha kwamba karibu mwamuzi mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeutunukia nishani ya daraja moja mara zote tatu. Wengine walipanda na kushuka. Kwa hiyo, kama vile bei kubwa isivyo ushahidi wa ubora, kadhalika ile tuzo ya mvinyo wa dola mbili isichukuliwe kuwa msahafu. Ushahidi ulio karibu nawe ni ulimi wako, mradi macho yako yasiushawishi.

JARIBIO LETU WENYEWE

Tuliposoma habari hizo tuliamua kujionea. Jumamosi moja, tukiwa hatumo zamuni, tulikutana watu tisa nyumbani kwa mwenzetu: maofisa watatu wa jeshi, yule luteni akiwa mmojawapo, masajini wawili, inspekta wa polisi, konstebo mmoja wa kike, na wake wawili wa wenyeji wetu. Tulinunua mvinyo mwekundu wa aina tano. Chupa nne zilikuwa za shilingi 24,000, 32,000, 70,000 na 130,000. Wa tano ulikuwa mvinyo wa boksi la lita tano, ambao kwa hesabu ya chupa ulitujia chini ya bei ya chupa zote nne. Tukazifunga chupa kwa kurasa za gazeti kuukuu, tukaumimina ule wa boksi ndani ya chupa tupu na kuifunga vivyo hivyo, tukaandika namba kwa chaki. Kila mtu alipewa karatasi, akatakiwa asiseme neno hadi mwisho.

Matokeo yalizusha vicheko. Mvinyo wa shilingi 32,000 ulikusanya alama nyingi kuliko yote. Ule wa boksi ukawa wa pili, wa shilingi 70,000 ukawa wa tatu, na ule wa shilingi 130,000, ndugu wa zile chupa sita za luteni, ukashika nafasi ya nne. Wa mwisho kabisa ulikuwa wa shilingi 24,000, ambao inspekta aliufananisha na dawa ya kikohozi. Kwa hiyo msemo wa "rahisi ghali" haukupata kuwa uongo mtupu. Lakini karatasi ya luteni ndiyo iliyotunyamazisha: alama zake za juu kabisa alikuwa ameupa mvinyo wa boksi. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Hatudai kwamba watu tisa wanaweza kuhukumu mvinyo wa dunia nzima. Twadai tu kwamba wageni wa karamu zetu ni watu kama hao tisa, na ni wao tunaowanunulia.

KUSOMA LEBO KAMA RAMANI

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba asiyejua kusoma ramani atatembea mara mbili. Lebo ya chupa nayo ni ramani. Yafaa kuangalia mambo haya.

La kwanza ni mahali. Lebo inayotaja nchi, jimbo na mtengenezaji ni ya kuaminika kuliko ile yenye picha ya kasri na maneno matupu. Afrika Kusini, ambako mizabibu ilipandwa na Waholanzi mwaka 1655 na mvinyo wa kwanza kukamuliwa mwaka 1659, ina utaratibu wa kisheria wa kuthibitisha asili ya mvinyo tangu mwaka 1973. Chupa zilizopimwa chini ya utaratibu huo hubandikwa muhuri mdogo wenye namba. Utafute.

La pili ni aina ya zabibu. Kwa mweupe wa bei nafuu, Chenin Blanc ya Afrika Kusini mara nyingi haimwangushi mnunuzi, kwa kuwa hulimwa huko kwa wingi. Kwa mwekundu, ipo Pinotage, zabibu iliyozalishwa huko huko mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold kwa kuchanganya mbegu mbili za Ufaransa. Nayo hupatana na nyama choma. Chile, Hispania na Ureno nazo hutoa mvinyo mzuri ambao mnunuzi halipii sana jina.

La tatu ni mwaka wa mavuno. Wengi hudhani kila mvinyo huzidi kuwa mwema kadiri unavyokaa. La hasha. Ni mvinyo mchache tu ulioumbwa kwa kuhifadhiwa, na huo si wa bei yetu. Mvinyo wa bei nafuu hutengenezwa unywewe mapema. Kwa mweupe chagua mwaka ulio karibu; chupa ya zamani iliyopunguzwa bei ghafula huenda imechoka rafuni.

La nne ni ukavu, na hapa ndipo karamu nyingi zinapoharibika. Neno "Dry" maana yake ni mvinyo mkavu, usiobakiwa na sukari. "Semi-Sweet" ni wenye utamu wa kadiri, na "Sweet" ni mtamu. Wale wageni waliotia soda katika mvinyo wa luteni hawakuwa washamba. Walipewa mvinyo mkavu ilhali ndimi zao zilizoea utamu. Mwenye karamu hutazama kinywa cha mgeni, hatazami cheo cha chupa. Weka mkavu kidogo na wenye utamu wa kadiri zaidi, na hutaona soda ikifanya kazi isiyo yake.

La tano ni kifuniko. Kifuniko cha kuzungusha kwa mkono si dalili ya mvinyo hafifu. Huziba vizuri, nacho humwepusha mnunuzi na vizibo vilivyooza ambavyo huutia mvinyo harufu ya karatasi zilizolowa.

La sita ni boksi. Mvinyo wa boksi ulibuniwa na Thomas Angove wa Australia, aliyepata hataza mwaka 1965. Ndani yake mna mfuko unaonywea kadiri unavyomimina, hata hewa isiingie. Hivyo mvinyo hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa, wakati chupa iliyofunguliwa hupoteza ladha baada ya siku tatu au nne hata ikizibwa na kuwekwa penye baridi. Lita tano ni sawa na chupa sita na theluthi mbili, nazo hutoa bilauri 33 za mililita 150. Kwa karamu ya kambi, hesabu hiyo haina mshindani.

La saba, iwapo wataka mvinyo wa povu kwa ajili ya kumtakia heri bwana harusi, usilipie jina la Champagne, ambalo ni la jimbo moja tu la Ufaransa. Cava ya Hispania na Cap Classique ya Afrika Kusini hutengenezwa kwa njia ileile ya kuchachua mara ya pili ndani ya chupa, nazo aghalabu huuzwa kwa bei ya chini zaidi.

Wala tusisahau jirani yetu. Huko Dodoma, Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Makutupora, jina ambalo askari wengi hulijua kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ni pia jina la zabibu nyekundu ya mahali hapo. Bidhaa yenye cheti cha asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka wetu. Mvinyo wa Dodoma ukionekana rafuni, jaribu chupa moja. Kadhalika upo mvinyo wa mananasi na matunda mengine unaotengenezwa hapa nchini. Mgeni atakayeuonja atajua kwamba mwenyeji wake haoni haya kwa cha kwao.

UPELELEZI KABLA YA MASHAMBULIZI

Dukani, macho huelekezwa kwanza kwenye rafu iliyo sawa na uso, kwani hapo muuzaji huweka anachotaka kiondoke upesi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa za bei nafuu mara nyingi hukaa rafu ya chini, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, soma lebo, linganisha bei za maduka mawili au matatu. Waendao Kikuubo, mtaa wa bidhaa za jumla mjini Kampala, wajua kwamba bei ya katoni si bei ya chupa moja moja.

Lakini usinunue katoni kwa uvumi. Hakuna kamanda anayepeleka kikosi kizima mahali asipotuma kwanza wapelelezi. Nunua chupa moja wiki mbili kabla ya sherehe, iweke ndani ya gazeti, waonjeshe watu wawili watatu wa nyumbani pamoja na chupa nyingine. Inayoshinda ndiyo uirudie, na risiti uitunze.

Iangalie pia hali ya chupa. Mvinyo huchukia jua na joto. Chupa iliyokaa dirishani, iliyovuja, au ambayo kizibo chake kimesukumwa juu, iache hata kama bei yake ni ya bure. Nyumbani, mweupe unywewe ukiwa baridi, na hata mwekundu katika joto letu hupendeza ukipozwa kidogo. Pasipo friji, funga chupa kwa gunia lililoloa maji, uiweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka huondoka na joto. Hiyo ni mbinu ambayo askari yeyote aliyepata kupiga kambi kavu huijua.

Sasa twaja kwenye onyo ambalo twataka lisomwe mara mbili. Kuna tofauti kati ya mvinyo wa bei nafuu na kinywaji cha magendo. Mwaka 2010 katika wilaya ya Kabale watu wengi walipoteza maisha kwa kunywa pombe kali iliyotiwa methanoli, sumu ambayo hupofusha macho na kuua. Tangu mwaka 2019 serikali ilianzisha stempu za kodi za kidijitali kwa vinywaji, mvinyo ukiwamo. Chupa isiyo na stempu, iliyofunguliwa na kufungwa tena, au inayouzwa nyuma ya duka kwa mnong'ono, usiiguse. Na wenzetu wa polisi, ambao kuwakamata wauza magendo ni wajibu wao, watakuwa wa mwisho kustahili kuwa wateja wao.

KIASI NA NIDHAMU

Mvinyo huonekana mpole kwa sababu hunywewa kwa bilauri ndogo. Tupige hesabu. Chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 13 ina takriban mililita 97 za kileo halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo anayemaliza chupa ya mvinyo peke yake amekunywa karibu bia nne. Bilauri moja au mbili pamoja na chakula, nje ya zamu, mbali na silaha na usukani, inatosha kwa furaha. Ulevi ni kosa katika sheria ya jeshi, na bei nafuu si kibali cha kuongeza idadi. Kilichookolewa kwenye rafu kisirudi kupotelea kooni.

Tena katika safu zetu wamo Waislamu, Walokole na wengine wasiotia kileo kinywani. Karamu iliyopangwa vyema huwawekea juisi ya nanasi au ya pasheni katika bilauri safi kama za wengine, na kuwahudumia mapema kama wengine. Mwenyeji asiyefanya hivyo hata mvinyo wa shilingi milioni moja hautamtakasa.

JIBU LETU

Miezi michache iliyopita tulialikwa tena nyumbani kwa yule luteni. Safari hii alikuwa akimbatiza mwanawe wa kiume. Mezani palikuwa na mbuzi wa kuchoma, ngege wa kukaanga, matoke, majagi ya juisi, na maboksi mawili yaliyofunikwa kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mkewe. Mvinyo ulimiminwa kutoka katika majagi ya kioo. Mgeni mmoja mwenye cheo kikubwa alisifu, akauliza ni wa kasri gani. Luteni alipiga saluti kidogo kwa mzaha, akajibu: "Ni wa rafu ya chini, Afande." Wote wakacheka, na mgeni akanyoosha bilauri yake apewe tena. Baba mkwe naye, aliyewahi kuomba chai, safari hii alipewa ule wenye utamu wa kadiri, akanywa bila kuuliza soda.

Binti yake alikuwapo akiwapitishia wageni sahani. Tulipomwuliza habari za shule, alisema muhula huu karo yake imelipwa yote kabla ya siku ya kufungua.

Hilo ndilo jibu letu, ndugu luteni, na ndugu zetu wote mnaovaa sare za taifa. Heshima haipo katika orodha ya bei. Mgeni hukumbuka kwamba alipokewa vizuri, akapewa kilichomfaa, akarudi kwake salama. Na mtoto hukumbuka kama siku ya kwanza ya muhula alikuwa ndani ya lango la shule au nje yake. Mwenye kuinama mbele ya rafu ya chini, akasoma, akaonja, akanunua kwa kiasi, huinuka akiwa na vyote viwili mkononi: chupa ya wageni na karo ya mtoto.